Kurt Debus na Moto wa Jukwaa la 34

Wakazi wa Eastlands jijini Nairobi, hasa wale wa Embakasi, Pipeline, Tassia na Donholm, wamezoea ngurumo za ndege zinazoondoka hata hawainui tena macho kuzitazama. Hata hivyo, wajuzi wa mambo ya urukaji wanafahamu kwamba katika safari nzima ya chombo cha angani, hakuna kipindi kizito kuliko zile dakika chache za kuiacha ardhi. Eneo hilo la Nairobi lina kumbukumbu yake chungu kuhusu jambo hili. Asubuhi ya tarehe 20 Novemba 1974, ndege ya shirika la Lufthansa aina ya Boeing 747, iliyokuwa imetoka Frankfurt na kupitia Nairobi ikielekea Johannesburg, iliondoka katika uwanja wa Embakasi, ikashindwa kupanda, na kuanguka mita zipatazo 1,100 tu kutoka mwisho wa njia ya kurukia. Kati ya watu 157 waliokuwamo, 59 walipoteza maisha. Vibawa vidogo vya ukingo wa mbele, ambavyo husaidia mabawa kuinua ndege nzito, havikuwa vimefunguka, kwa sababu vali za hewa ya kuvisukuma zilikuwa zimefungwa. Na kasoro hiyo ndogo haikugunduliwa kabla ya ndege kuanza kukimbia. Hiyo ndiyo iliyokuwa ajali ya kwanza ya Boeing 747 kuua watu.

Mwezi huohuo wa Novemba 1974, huko Florida nchini Marekani, mtu aliyezaliwa katika mji uleule ndege hiyo ilikotoka alikuwa akistaafu kazi. Jina lake lilikuwa Kurt Heinrich Debus. Yeye hakuunda roketi, wala hakupanda chombo chochote kwenda angani. Kazi yake ya takribani miaka 30 ilikuwa kuzisimamia roketi zilizosimama tayari juu ya jukwaa, kuzikagua, kuzijaza mafuta, kuhesabu saa na dakika za kurudi nyuma hadi sifuri, na kuamua kama ziruke au zisiruke. Wernher von Braun anatajwa kila mahali historia ya roketi inaposimuliwa. Debus, ambaye ndiye aliyezirusha roketi za von Braun, hutajwa kwa nadra. Maisha yake yanastahili kusimuliwa kwa kuwa yanagusa ajali iliyobadilisha safari ya mwanadamu ya kwenda Mwezini, na kwa kuwa sura yake ya mwisho ilichezwa katika nchi ya wasemaji wa Kiswahili.

Debus alizaliwa Frankfurt tarehe 29 Novemba 1908. Alisomea uhandisi wa umeme katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Darmstadt, akabobea katika umeme wa nguvu kubwa, na mwaka 1939 akapata shahada ya uzamivu. Uso wake ulikuwa na kovu la upanga, alama ambayo wanafunzi wengi wa Kijerumani wa enzi zile waliipata katika mapambano ya vyama vyao vya chuoni na kuitembeza kwa fahari. Lakini lipo kovu jingine ambalo waandishi waliomsifu Marekani hawakupenda kulitazama. Debus alijiunga na harakati za Wanazi, akawa mwanachama wa SS, na wakati wa vita alimshtaki mhandisi mwenzake kwa polisi wa siri, Gestapo, kwa sababu mwenzake huyo alikuwa ametoa kauli za kumpinga Hitler. Mtu huyo alifikishwa mahakamani. Hakuna namna ya kulipamba jambo hili, wala haitoshi kusema kwamba nyakati zilikuwa ngumu. Wako waliosikia maneno kama hayo wakanyamaza.

Kutoka Darmstadt alipelekwa Peenemünde, kwenye pwani ya Bahari ya Baltiki, ambako jeshi la Ujerumani lilikuwa likiunda roketi ya V-2 chini ya von Braun. Debus alikabidhiwa jukwaa la majaribio namba VII, na hapo ndipo alipojifunza ufundi wa kurusha. Kuanzia Septemba 1944, zaidi ya roketi 3,000 za aina hiyo zilirushwa dhidi ya miji kama London na Antwerp. Roketi zenyewe ziliundwa ndani ya mahandaki ya mlimani na wafungwa wa kambi ya Mittelbau-Dora. Wafungwa wapatao 60,000 walipitia kambi hiyo na matawi yake, na takribani 20,000 hawakutoka wakiwa hai.

Msomaji wa Nairobi hahitaji maelezo marefu kuhusu chombo cha kisasa kinachosimama juu ya mgongo wa mfungwa. Mnamo tarehe 24 Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, majeshi ya kikoloni yaliizingira mitaa ya Waafrika ya Eastlands na kuwakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Katika miaka hiyohiyo ya Hali ya Hatari, wafungwa na watu waliowekwa kizuizini walifanyizwa kazi ya kuujenga uwanja wa ndege wa Embakasi, ambao ulifunguliwa mwaka 1958. Dora na Embakasi hazilingani kwa idadi ya waliokufa wala kwa kusudi. Zinafanana katika jambo moja tu, kwamba abiria anayetazama juu huwa hajui nani alisawazisha ardhi aliyoondokea.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walimtumia Debus na wenzake huko Cuxhaven kurusha V-2 chache ili wajifunze zinavyofanya kazi. Kisha Wamarekani wakamchukua pamoja na kundi la von Braun. Walipelekwa kwanza Fort Bliss, Texas, halafu mwaka 1950 wakahamia Huntsville, Alabama. Kuhusu uanachama wa SS, serikali ya Marekani iliamua kufumba macho, maana vita baridi vilikuwa vimeanza na kila upande ulihitaji roketi. Kuanzia mwaka 1952 Debus aliongoza kikosi cha kurusha makombora ya jeshi huko Cape Canaveral, rasi ya mchanga, vichaka na mbu kwenye pwani ya Florida. Tarehe 20 Agosti 1953 kikosi chake kilirusha roketi ya kwanza ya Redstone.

Bahati ya kikosi hicho ilitokana na ajali ya wengine. Baada ya Urusi ya Kisovieti kurusha Sputnik mnamo Oktoba 1957, Marekani iliweka matumaini yake katika roketi ya jeshi la majini iliyoitwa Vanguard. Tarehe 6 Desemba 1957, mbele ya kamera za televisheni, Vanguard ilipanda kiasi cha mita moja na kidogo, ikarudi chini na kulipuka juu ya jukwaa. Aibu hiyo ilifungua mlango kwa kundi la Huntsville. Debus alipewa setilaiti ya Explorer 1 airushe mwishoni mwa Januari 1958. Upepo wa angani ulikuwa mkali, naye akaahirisha siku ya kwanza, akaahirisha tena siku ya pili, ijapokuwa taifa zima lilikuwa likimtazama. Usiku wa tarehe 31 Januari upepo ulipungua, roketi ikaruka, na Marekani ikapata setilaiti yake ya kwanza.

Tukio linalomweleza Debus vizuri zaidi lilitokea tarehe 21 Novemba 1960, na lau si hatari yake lingekuwa kichekesho. Roketi ya Redstone iliyobeba chombo cha Mercury kisichokuwa na mtu iliwashwa, ikanyanyuka kiasi cha sentimita 10, injini ikazimika, ikatua tena juu ya jukwaa ikiwa wima. Roketi ndogo ya kuokolea iliyokuwa kileleni ikaruka peke yake na kukiacha chombo pale pale. Kisha parachuti zikachomoka na kuning'inia ubavuni. Basi palikuwa na roketi iliyojaa mafuta, isiyofungwa mahali, yenye umeme ndani yake, na parachuti ambazo upepo ungeweza kuzijaza na kuiangusha wakati wowote. Wapo waliopendekeza matangi yatobolewe kwa risasi ili mafuta yatoke. Uamuzi uliochukuliwa ulikuwa kungoja. Watu walikaa mbali usiku kucha hadi betri zikaisha nguvu na oksijeni ikavukiza, na asubuhi wakaenda kuizima roketi kwa mikono. Hakuna aliyeumia. Uchunguzi ulionyesha kwamba plagi mbili za umeme zilichomoka kwa mpangilio usiofaa, kwa tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde.

Subira hiyo inaonekana thamani yake ikilinganishwa na yaliyotokea Baikonur chini ya mwezi mmoja kabla, tarehe 24 Oktoba 1960. Huko mkuu wa makombora wa Kisovieti, Mitrofan Nedelin, alikuwa akiharakisha roketi ya R-16 irushwe. Mafundi walikuwa wakiirekebisha ikiwa na mafuta ndani, naye Nedelin ameketi kwenye kiti karibu nayo. Injini ya hatua ya pili iliwaka ghafla. Makumi ya watu waliteketea, Nedelin mwenyewe akiwa miongoni mwao, na habari hiyo ilifichwa kwa miaka mingi. Debus hakuwa na habari kamili za mkasa huo, lakini aliishi kana kwamba anazo. Kwake yeye, roketi yenye mafuta ilikuwa adui aliyelala, na sheria zote za jukwaa lake zilitungwa kutokana na hofu hiyo.

Tarehe 5 Mei 1961 kikosi chake kilimrusha Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kufika angani. Wiki chache baadaye Rais John F. Kennedy aliahidi kwamba kabla ya muongo kwisha, Mmarekani angetua Mwezini na kurudi salama. Mwezi Julai 1962 Debus alifanywa mkurugenzi wa kituo kipya cha kurushia, kituo ambacho baada ya kuuawa kwa rais huyo mwaka 1963 kilipewa jina lake. Kazi ya kukijenga ilikuwa kubwa ajabu. Katika Kisiwa cha Merritt lilisimamishwa jengo la kuunganishia roketi lenye urefu wa mita 160 kwenda juu. Yaliundwa magari ya minyororo yenye uzito wa tani zipatazo 2,700 ya kuibeba roketi ya Saturn V, yenye kimo cha mita 110, ikiwa imesimama wima, kwa mwendo wa pole kuliko wa mtu anayetembea. Zaidi ya watu 20,000 waliajiriwa. Debus, aliyezoea kikosi kidogo ambamo kila fundi alimjua mwenzake kwa jina, alijikuta akiongoza mji mzima uliojaa makampuni, mikataba na karatasi.

Tarehe 27 Januari 1967 Debus hakuwapo Florida. Alikuwa Washington, pamoja na von Braun na wakuu wengine wa mpango wa anga. Siku hiyo ulitiwa saini Mkataba wa Anga za Juu, ambao pamoja na mambo mengine uliwataka mataifa wawasaidie wanaanga wa nchi yoyote wanapopatwa na ajali. Baada ya sherehe ya saini kulikuwa na karamu pamoja na wakuu wa makampuni.

Wakati huo, kwenye Jukwaa la 34, wanaanga watatu walikuwa wamelala katika viti vyao kileleni mwa roketi ya Saturn IB. Virgil Grissom alikuwa miongoni mwa wanaanga saba wa kwanza wa Marekani; Edward White alikuwa Mmarekani wa kwanza kutoka nje ya chombo na kuelea angani mwaka 1965; Roger Chaffee alikuwa bado hajawahi kuruka. Safari yao ilikuwa imepangiwa tarehe 21 Februari. Lililokuwa likifanywa siku hiyo lilikuwa zoezi tu: chombo kingekatwa kutoka kwenye umeme wa ardhini na kujiendesha chenyewe, hesabu ihesabiwe hadi mwisho, halafu watu wapanguse jasho waende nyumbani. Roketi haikuwa na tone la mafuta. Kwa sababu hiyo, kwa mujibu wa sheria za jukwaa, zoezi halikuwekwa katika orodha ya mazoezi ya hatari. Magari ya zimamoto na madaktari hawakuwekwa karibu.

Mchana kutwa zoezi lilikwamakwama. Kulikuwa na harufu mbaya katika hewa ya kupumua, kisha mawasiliano ya sauti yakasumbua, na hesabu ikasimamishwa ikiwa imebaki dakika 10. Ndani ya chombo mlikuwa na oksijeni tupu, iliyoshindiliwa kwa mgandamizo uliozidi kidogo ule wa hewa ya nje. Kuta zilikuwa na nyavu za nailoni na vipande vya Velcro vya kubandikia vitu, na chini kulikuwa na kilomita nyingi za nyaya. Katika oksijeni ya namna hiyo, kitu ambacho hewani huungua polepole huwaka kama baruti. Saa 12 na dakika 31 jioni, cheche ilitoka mahali fulani kwenye nyaya, yamkini karibu na kiti cha Grissom. Wanaanga walitoa taarifa ya moto. Mlango ulikuwa wa tabaka kadhaa, na ule wa ndani ulifunguka kwa kuvutwa kuelekea ndani. Katika hali nzuri ulihitaji dakika moja na nusu. Moto ulipopandisha mgandamizo, hakuna nguvu ya binadamu ambayo ingeweza kuuvuta. Katika sekunde chache ukuta wa chombo ulipasuka, na moshi ukawamaliza wale watatu.

Mafundi waliokuwa kwenye chumba kilichopakana na chombo walirudi mara kwa mara ndani ya moshi, wengine wakiwa na vifuniko vya uso visivyofaa kwa kazi hiyo, huku wakijua kwamba roketi ya kuokolea iliyokuwa juu ya vichwa vyao ingeweza kuwashwa na joto na kuwaua wote. Dakika 5 zilipita kabla hawajafungua milango yote. Watu 27 walitibiwa kwa kuvuta moshi. Ushujaa wao hausimuliwi mara nyingi.

Bodi ya uchunguzi iliyoongozwa na Floyd Thompson ilitoa ripoti yake mwezi Aprili. Lawama zilianguka pande nyingi: kwenye muundo wa chombo, kwenye kampuni iliyokiunda, kwenye ofisi ya Houston iliyokikubali, na kwenye kituo cha Debus kilichoendesha zoezi bila kutambua hatari yake. Mbele ya kamati ya bunge Debus alikiri kwamba ilimwia vigumu kueleza kwa nini hakuna yeyote, yeye mwenyewe akiwamo, aliyefikiri kwa kina cha kutosha na kuliona zoezi lile kuwa la hatari kubwa. Ungamo hilo lina uzito kuliko lionekanavyo. Mtu aliyekaa usiku kucha akiihofia Redstone iliyonyanyuka sentimita 10 hakuihofia Saturn isiyo na mafuta. Sheria zake zilizaliwa na ajali alizoziona tangu Peenemünde, na ajali zote hizo zilikuwa za mafuta na injini. Zaidi ya hayo, oksijeni tupu ilikuwa imetumika salama katika vyombo vya Mercury na Gemini, na mazoea hayo yakawafumba macho watu waliosifika kwa uangalifu.

Mipango yote ya safari ilivurugika. Vyombo vya toleo la kwanza havikubeba tena mtu. Chombo kilisanifiwa upya: mlango mmoja uliofunguka kuelekea nje kwa sekunde chache, nyaya zilizofunikwa, nguo na nyavu zisizoshika moto, na hewa ya mchanganyiko wa oksijeni asilimia 60 na nitrojeni asilimia 40 wakati chombo kikiwa ardhini. Huko Florida, Debus alibadilisha taratibu za kituo chake. Mazoezi yalipangwa upya kwa kiwango cha hatari, vikosi vya uokoaji vikafunzwa na kuwekwa karibu, na kebo za kutelezea zikafungwa kutoka juu ya minara ili watu waweze kuteremka haraka. Hakuna Mmarekani aliyeruka angani kwa zaidi ya miezi 20.

Mwaka huo wa 1967 haukuwa mwaka mwema kwa wapinzani wao pia. Tarehe 24 Aprili Vladimir Komarov alikufa wakati chombo chake cha Soyuz 1 kilipoanguka baada ya parachuti kukwama. Siku mbili baadaye, tarehe 26 Aprili, roketi ndogo ya Scout iliruka salama kutoka jukwaa la San Marco, lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ikiwa na setilaiti ya Waitaliano wa Profesa Luigi Broglio. Basi katika majuma yale ambapo mataifa makubwa mawili yalikuwa yakizika wanaanga, pwani ya Kenya ndiyo iliyokuwa na habari njema ya anga, ingawa wavuvi wa Ngomeni ndio walioiona kwanza.

Kuchelewa huko kulikuwa na upande wa pili. Chombo cha kutulia Mwezini, ambacho kilikuwa nyuma ya ratiba, kilipata muda. Roketi ya Saturn V nayo ilipata muda. Tarehe 9 Novemba 1967 Debus aliirusha kwa mara ya kwanza, bila mtu ndani, nayo ikafanya kazi. Roketi ileile ambayo Grissom na wenzake walikuwa wameketi juu yake haikudhuriwa na moto. Ilihamishiwa jukwaa jingine na kuruka Januari 1968 ikiwa imebeba chombo cha kutulia Mwezini cha majaribio. Tarehe 11 Oktoba 1968 wanaanga watatu waliondoka tena, katika Apollo 7, kutoka Jukwaa la 34 lenyewe. Miezi tisa baadaye, asubuhi ya tarehe 16 Julai 1969, Apollo 11 iliondoka, na ahadi ya Kennedy ikatimia ikiwa imebaki miezi mitano muongo kwisha. Wapo wanaodai kwamba bila ule moto Wamarekani wasingefika, maana kasoro zilezile zingewaua watu njiani, mbali na mkono wa wachunguzi. Huenda ni kweli, lakini ni hoja rahisi kwa mtu ambaye hakufiwa. Saturn V zilirushwa mara 13, na hata moja haikulipuka.

Debus angeweza kustaafu na kukaa Florida akipokea medali. Badala yake, alikubali kuwa mwenyekiti wa bodi ya kampuni ya Kijerumani iliyoitwa OTRAG, iliyoanzishwa na mhandisi kijana, Lutz Kayser. Wazo la Kayser lilikuwa kinyume cha Saturn. Roketi yake ingekuwa fungu la mabomba ya kawaida yaliyounganishwa, yakitumia asidi ya nitriki na mafuta ya aina ya dizeli au taa, na vali zake zikifunguliwa kwa mota zinazoendesha vifutio vya kioo cha gari. Ingekuwa rahisi, na nchi maskini zingeweza kununua safari ya setilaiti. Kwa kuwa Ujerumani haikuwa na pa kurushia, kampuni ilifanya mkataba na Rais Mobutu Sese Seko wa Zaire na kupewa eneo la kilomita za mraba 100,000 katika mkoa wa Shaba, ambao ndio Katanga. Eneo hilo lilikaribia ukubwa wa Rwanda na Burundi mara mbili. Kambi ilijengwa kwenye uwanda wa juu uliotazama bonde la mto Luvua, katika nchi ya Manono, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko, ya mgodi na ya kanisa.

Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977. Umoja wa Kisovieti ulidai kwamba Wajerumani walikuwa wakijaribu makombora ya kivita, na nchi jirani zikaingiwa na wasiwasi. Ungeweza kuwalaumu kwa kutoamini? Kampuni ilikuwa imepewa madaraka mapana mno juu ya ardhi ya watu, na mwenyekiti wake alikuwa mtu wa Peenemünde. Isitoshe, Shaba yenyewe ilikuwa vitani. Mnamo Mei 1978 waasi walioingia kutoka nje waliuteka mji wa Kolwezi, na tarehe 19 mwezi huo askari wa Kifaransa waliteremka huko kwa parachuti. Siku iliyofuata, roketi ya pili ya OTRAG iliruka.

Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu alikuja kujionea mwenyewe. Mbele ya macho yake, roketi ya tatu ilinyanyuka, ikainama, ikageuka na kuanguka bondeni. Hakuna aliyeumia, na kwa mizani ya kifundi lilikuwa jambo la kawaida. Debus alikuwa ameona roketi nyingi zikianguka vibaya zaidi ya hapo, na zile za Marekani zilianguka kwa miaka kabla hazijatii. Ila fundi huipima ajali kwa lile inalomfundisha, na mtawala huipima kwa aibu iliyomfika mbele ya wageni. Mashinikizo ya nje yalizidi kuongezeka, na mwaka 1979 Zaire iliwataka Wajerumani waondoke. Kampuni ilihamia Libya, kwa serikali ya Muammar Gaddafi, hatua iliyowatia hofu hata waliokuwa wakiitetea. Debus alikuwa amejitoa kufikia mwaka 1980. Setilaiti hazikurushwa kutoka Luvua, wala kutoka Libya.

Debus alifariki tarehe 10 Oktoba 1983 huko Cocoa, Florida, akiwa na umri wa miaka 74. Shimo moja la Mwezini, upande usioonekana kutoka duniani, limepewa jina lake, na vivyo hivyo jengo la mikutano katika sehemu ya wageni ya Kituo cha Kennedy. Jukwaa la 34 halikutumika tena baada ya Apollo 7. Limebaki gogo la zege lenye miguu minne katikati ya vichaka, na familia za wale watatu hufika hapo kila mwezi wa Januari. Chombo kilichoungua kilifungiwa ghalani. Mlango wake, ule uliofunguka kwa kuvutwa ndani, haukuonyeshwa kwa umma hadi tarehe 27 Januari 2017, miaka 50 baada ya moto, ulipowekwa katika kituo hichohicho ambacho Debus alikijenga.